Aliyenunua jumba ili aione taa: maswali yenu kuhusu The Great Gatsby

Tangu nilipoitaja riwaya ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, maswali hayajakatika. Nimechagua manane. Anayetaka kuisoma bila kujua mwisho wake aishie kwenye jibu la kwanza.

Sijaisoma. Inahusu nini, na kwa nini watu wazima wanaililia? (Msomaji, Tabora)

Ni majira ya joto ya mwaka 1922. Kijana Nick Carraway ametoka majimbo ya kati ya Marekani, amekuja New York kujifunza biashara ya hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, na amepanga kijumba cha dola 80 kwa mwezi huko Long Island. Jirani yake ni Jay Gatsby, mwenye jumba kama kasri, ambalo mwisho wa wiki hufurika watu asiowajua hata majina. Ng'ambo ya ghuba anaishi Daisy, ndugu wa mbali wa Nick, na mumewe Tom Buchanan. Gatsby na Daisy walipendana mwaka 1917 mjini Louisville, Gatsby akiwa afisa wa jeshi asiye na kitu. Akaenda vitani, Daisy akaolewa. Fedha, jumba na karamu zote zilizofuata zilikuwa na kusudi moja tu: Daisy arudi.

Watu wazima wanaililia kwa sababu Gatsby haombi mpenzi peke yake. Anataka ile miaka mitano ya katikati ifutwe. Waswahili tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Gatsby ameinama kuyazoa kwa mikono yote miwili, na anayazoa kwa moyo safi kiasi kwamba msomaji anaanza kutamani aweze.

Shikamoo. Darasani tumebishana: Gatsby alifanya biashara gani hasa? (Mwanafunzi, Eldoret)

Marahaba mwanangu. Pombe ya magendo, na mengine yaliyofichika zaidi. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, katiba ya Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza vileo. Lakini sheria iliacha mwanya: daktari aliweza kumwandikia mgonjwa pombe kama dawa, na duka la dawa likamuuzia. Ndiyo maana Tom, anapomchimba Gatsby, anagundua kwamba yeye na mshirika wake Meyer Wolfsheim walinunua maduka ya dawa ya vichochoroni, New York na Chicago, wakauza pombe kali kaunta. Na ukisoma kwa makini, baada ya Gatsby kufa simu inalia nyumbani kwake. Sauti ya upande wa pili inadhani inaongea naye, inatoa habari kwamba kijana mmoja amekamatwa akikabidhi hatifungani. Hapo unaelewa mengi bila kuelezwa.

Wolfsheim naye ana kivuli cha mtu wa kweli, Arnold Rothstein, mcheza kamari wa New York aliyehusishwa na kashfa ya kuuza mechi za fainali za besiboli mwaka 1919.

Gatsby ana hela, Tom ana hela. Mbona Tom anamdharau? Hela si hela? (Msomaji, Mwanza)

Kwa mwenye duka, hela ni hela. Kwa Tom sivyo. Fitzgerald ameigawa ghuba mara mbili: East Egg wanakaa waliozaliwa ndani ya mali, West Egg wanakaa walioipata juzi. Tom hajawahi kuitafuta mali yake. Alipohamia mashariki alikuja na farasi wake wa polo, na hakuna aliyemuuliza wametoka wapi. Gatsby kila mtu anamuuliza. Wageni wanakula chakula chake huku wakinong'ona kwamba aliwahi kuua mtu.

Itazame maktaba yake. Mgeni mmoja mlevi mwenye miwani mikubwa anashangaa kukuta vitabu ni vya kweli, si maboksi yaliyopakwa rangi. Ila kurasa zake hazijakatwa. Vitabu vya siku hizo viliweza kuuzwa kurasa zikiwa zimeshikana kingoni, na msomaji alizichana kwa kisu kadiri alivyosoma. Gatsby amenunua kila kitu kinachostahili kuwa nyumbani kwa mtu wa heshima, na vyote ni vya kweli. Kilichobaki hakiuzwi dukani.

Samahani, lakini Daisy ni msaliti tu. Alifuata pesa, kisha akamwacha mtu afe. Kwa nini tumhurumie? (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, nami nilimchukia nilipoisoma mara ya kwanza. Kilichonigeuza ni masimulizi mafupi ya rafiki yake, Jordan Baker.

Ni Juni 1919, siku moja kabla ya harusi. Tom amekuja na watu mia moja kutoka Chicago, na amempa bibi harusi mkufu wa lulu wa dola 350,000. Nusu saa kabla ya chakula cha jioni Jordan anaingia chumbani, anamkuta Daisy kitandani amelewa chakari, mkono mmoja chupa, mkono mwingine barua. Lulu ziko kwenye kapu la taka. Anasema zirudishwe kwa mwenyewe, waambiwe Daisy amebadili nia. Wanafunga mlango, wanamtia kwenye maji baridi. Barua haiachii. Anaingia nayo majini, anaiminya mpaka inakuwa donge, na anakubali iwekwe kwenye kisahani cha sabuni pale tu anapoona inameguka vipande kama theluji. Nusu saa baadaye lulu ziko shingoni mwake. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, anaolewa.

Fitzgerald hatuambii barua ilitoka kwa nani. Hakuna haja. Na katika chumba kile hakuna hata mmoja aliyemuuliza yule binti anataka nini. Walimwogesha, wakamvalisha, wakamteremsha chini.

Sasa ruka hadi hoteli ya Plaza, siku ya joto kali. Gatsby anamtaka Daisy atamke mbele ya mumewe kwamba hajawahi kumpenda. Si kwamba hampendi sasa, bali kwamba hakuwahi kabisa. Daisy anajaribu, anashindwa, kisha anamwambia Gatsby kwamba anataka mno: anampenda sasa, haitoshi? Yaliyopita hawezi kuyabadili. Kwangu huyo ndiye mtu mkweli kuliko wote chumbani. Daisy ana mtoto wa kike wa miaka mitatu. Gatsby alipoletewa yule mtoto amsalimie, alimkodolea macho kama vile hakuwahi kuamini kwamba yupo. Miaka anayotaka ifutwe ndiyo iliyomzaa.

Simsafishi. Jioni ile Daisy ndiye aliyekuwa kwenye usukani gari lilipomgonga na kumuua Myrtle Wilson, hawara wa mumewe, na alimwacha Gatsby aubebe mzigo ule. Usiku Gatsby anasimama nje akimlinda, akiogopa Tom atampiga. Nick anachungulia dirisha la jikoni: mke na mume wamekaa mezani, kati yao kuna kuku wa kukaanga aliyepoa na chupa mbili za bia, na mkono wa Tom umeufunika mkono wa Daisy. Hawana furaha, wala hawana huzuni. Wanapanga. Gatsby anaendelea kulinda dirisha. Kesho yake mume wa Myrtle anampiga risasi kwenye bwawa la kuogelea, na Daisy haleti salamu wala ua. Hilo siwezi kumsamehe, na sikuombi nawe umsamehe. Nakuomba tu usiisahau ile barua kwenye kisahani cha sabuni.

Taa ya kijani ina maana gani? Nina mtihani. (Mwanafunzi, Moshi)

Ni taa iliyo mwisho wa gati ya kwao Daisy. Gatsby huiangalia usiku kutoka upande wake wa maji, amenyoosha mikono. Utaandika kwamba ni tumaini, na utapata alama zako. Lakini ongeza hili ambalo wengi wanalipita: Daisy anapofika nyumbani kwa Gatsby hatimaye, wamesimama dirishani, Gatsby anamwonyesha upande ilipo taa, na papo hapo Nick anahisi kwamba taa imepungua thamani. Imekuwa taa tu ya gatini. Kilichokuwa mbali kilikuwa kikubwa kuliko kilichosimama pembeni yake. Huo ndio moyo wa kitabu, na umeandikwa kwa sentensi chache tu.

Ni kweli mwandishi alijiandika mwenyewe? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sehemu kubwa. Fitzgerald, mzaliwa wa St. Paul, Minnesota, alimpenda kwanza Ginevra King, binti wa tajiri wa Chicago, na hakumpata. Mwaka 1918, akiwa afisa wa jeshi kambini Alabama, akakutana na Zelda Sayre, binti wa jaji wa Montgomery. Wakachumbiana, na mwaka 1919 Zelda akauvunja uchumba kwa kuwa kijana hakuwa na kipato cha kueleweka. Machi 1920 riwaya yake ya kwanza ikatoka, na kabla ya wiki mbili kupita wakafunga ndoa New York. Kwa hiyo mlango uliofungwa usoni kwa Gatsby, yeye ulimfungukia. Na bado miaka michache baadaye akaketi kusini mwa Ufaransa kumwandika mtu ambaye haukumfungukia. Nadhani hakuacha kujiuliza ni nini hasa kilichoufungua.

Nimesikia kitabu kilidoda sokoni. Kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiyo. Kilitoka 10 Aprili 1925. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 20,870, ikafuata ya nakala 3,000, na Fitzgerald alipofariki Desemba 1940, akiwa na miaka 44, nakala nyingine za chapa ya pili zilikuwa bado ghalani. Kilichokifufua ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanajeshi wa Marekani waligawiwa vitabu vidogo vya kutia mfukoni, na hiki kikachapwa nakala kama 155,000. Tangu Januari 2021 hakimiliki yake Marekani imekwisha. Filamu, kwa wale wengi mlioziulizia, zipo kadhaa. Ya 1974 na ya 2013 zinapatikana kirahisi. Karamu zinapendeza. Nick anasikika akisimulia ndani yake, lakini kwa vipande tu, na bila sauti yake kamili ya kitabuni hadithi inakuwa nusu.

Ni sehemu gani unairudia kila mara? (Msomaji, Zanzibar)

Sura ya tisa, baba anapofika. Mamia walikula kwa Gatsby. Kwenye mazishi wanahesabika kwa vidole. Mzee Henry Gatz amesafiri kutoka Minnesota baada ya kusoma habari gazetini, naye ndiye anayetuonyesha kitabu cha utotoni ambamo mwanawe, wakati huo akiitwa James Gatz, alijiandikia ratiba: kuamka saa kumi na mbili asubuhi, mazoezi, kusoma mambo ya umeme, kuweka akiba dola tano kwa wiki. Ile tano imekatwa, pembeni imeandikwa tatu.

Ila kabla ya kitabu hicho, mzee anatoa kwenye pochi yake picha ya lile jumba, aliyotumiwa na mwanawe. Imepasuka pembe zote na imechafuka kwa kushikwa na mikono mingi. Anamwonyesha Nick kwa kidole, hapa na hapa, atazame ilivyo nzuri. Amesimama ndani ya nyumba ileile.