Si uchoyo, ni volti

Shangazi ameuliza, wifi akadakia, na sasa binamu naye kaja na lake: uko Marekani, vitu vya umeme huko bei chee, unashindwaje kutuma hata pasi? Haya, nisikilizeni.

Umeme wa huku ni volti 120. Wetu Tanzania ni 230, karibu mara mbili yake. Ile adapta mnayoniambia "itamaliza kila kitu" inabadilisha miguu ya plagi tu. Umeme wenyewe unapita vilevile. Chukua pasi ya huku ya wati 1,200 uichomeke hapo sebuleni: volti zikikaribia maradufu, wati zinakaribia mara nne, yaani zaidi ya 4,000. Fyuzi isipowahi kukata, pasi imeungua kabla hujanyoosha kanga ya pili.

Najua mtasema transfoma ya kushusha umeme ipo. Ipo kweli, lakini ya kuimudu pasi au draya ya saluni ni lichuma zito, na kwa gharama yake bora ununue kitu kipya. Halafu inashusha volti tu, hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) haizigusi. Huku ni 60, kwetu 50. Friji la huku, hata ukilipatia volti zake sawasawa, mota itazunguka taratibu na kuchemka. Kwa hiyo la friji tusiliongee tena, binamu.

Simu na laptop natuma bila wasiwasi. Soma yale maandishi madogo kwenye chaja: yakisema INPUT 100–240V, 50/60Hz, hapo adapta inatosha. Yakisema 120V peke yake, achana nayo. Ila kwenye simu nako kuna mitego: iPhone zinazouzwa Marekani tangu ile ya 14, mwaka 2022, hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi, iliyojengewa ndani ya simu, na nyingine zimefungwa kwenye mtandao mmoja mpaka mwenyewe amalize deni. Ulizeni kwanza kama mtandao wenu unatoa eSIM, ndipo mniambie "nataka hiyo hiyo".

Mwenye raha ni mjomba wa Muscat. Oman ni volti 240, hezi 50, plagi ileile ya miguu mitatu. Blenda akiituma leo, ikifika Magomeni inasaga. Mbona yeye hamumsumbui?

Wifi, draya yako nitakutumia hela uinunue hapohapo Kariakoo. Ijaribu dukani kabla hujalipa, na risiti usiiache.