Tuulize: Filimbi za Spika, Mgao wa Bendi na Mengine ya Wikendi

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wanamuziki wanaopiga baa Ijumaa na Jumamosi. Tumejibu tano.

Bendi yetu ina watu watano. Tukipima sauti jioni kila kitu shwari, lakini baa ikijaa spika zinapiga filimbi, hasa mwimbaji akisogea mbele. Tumeshabadili kipaza sauti, hali ni ileile. – Mpiga rithimu

Acheni kununua vipaza sauti. Filimbi hutokea pale sauti iliyotoka kwenye spika inapoingia tena kwenye kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena. Baa ikiwa tupu mnapiga kwa adabu. Watu wakijaa kelele zao zinapanda, mpiga drams anaongeza nguvu, mpiga solo anajiongezea "kidogo tu", mwimbaji hajisikii, anaomba monita (spika ndogo ya kujisikilizia jukwaani) ipandishwe, na filimbi inaanza. Kwa hiyo dawa inaanzia jukwaani, si kwenye mikisa, ile meza ya vitufe inayochanganya sauti.

Anzeni na drams. Kwenye ukumbi mdogo hazihitaji kipaza sauti, na hazina kitufe cha kupunguza, basi vingine vyote vipimwe kwa hizo. Besi ifuate, kisha magitaa na kinanda, na sauti ya mwimbaji ikae juu ya vyote. Mwimbaji akimezwa, shusheni magitaa kabla hamjagusa kitufe chake. Mpiga gitaa atalalamika kwamba hajisikii, na mara nyingi ana haki: amplifaya yake iko sakafuni, inampiga kwenye ndama za miguu huku walioketi meza ya mbele wakiipata usoni. Iwekeni juu ya kiti kigumu, au ilazeni nyuma kidogo ielekee kichwa chake. Atapunguza mwenyewe bila kuombwa.

Spika kubwa zikae mbele ya mstari wa vipaza sauti, angalau mita 1, juu ya stendi, zipite vichwa vya waliokaa. Mwimbaji wenu anapovuka mstari huo anajiingiza mbele ya spika. Bandikeni kipande cha tepu sakafuni na mwambieni mwisho wake ni hapo.

Monita nayo ina mahali pake. Kipaza sauti cha kadioidi, yaani kinachosikia zaidi upande wa mbele, ni kiziwi kwa nyuma kabisa, upande unaotoka waya, hivyo monita ikae mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa kipaza sauti. Cha superkadioidi, chenye usikivu mwembamba zaidi kwa mbele, kinasikia kidogo kwa nyuma. Uziwi wake uko kama digrii 125 kutoka mbele, hivyo monita isogezwe pembeni. Tena mwimbaji asikifumbate kichwa cha kipaza sauti kiganjani, hata kama picha inapendeza: matundu ya nyuma ya wavu ndiyo yanayokifanya kisikie upande mmoja, akiyaziba kinasikia kila upande. Mdomo uwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye wavu. Akitoka sentimita 5 akaenda 10, sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na fundi mitambo atalazimika kuzirudisha kwa kupandisha kitufe.

Baada ya hapo ndipo mguse mikisa. Kateni kila kilicho chini ya hezi 100, yaani sauti nzito kabisa, kwenye chaneli za waimbaji. Pandisheni monita polepole mpaka ianze kulia. Mlio mzito wa "uuu" huwa kati ya hezi 250 na 500. Ile filimbi ya kuchoma masikio mara nyingi iko kati ya kilohezi 2 na 4. Punguzeni eneo hilo desibeli 3 hadi 6, kisha mtafute mlio wa pili na wa tatu. Mkifika wa tano acheni, sasa mnakata muziki wenyewe. Mwisho shusheni monita desibeli 3, hiyo ndiyo akiba yenu baa itakapojaa. Na kipaza sauti kisichotumika kizimwe: vilivyo wazi vikiongezeka maradufu, mnapoteza kama desibeli 3 za nafasi mliyoipata kwa jasho.

Gitaa langu linanguruma kwenye baa moja tu, kwingine halina shida. Kuna aliyenishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. – Mpiga solo

Usikate. Pini hiyo ndiyo inayoupeleka umeme ardhini amplifaya ikiharibika. Bila hiyo, umeme unaweza kupita kwenye nyuzi, kwenye mikono yako, hadi kwenye kipaza sauti kinachogusa mdomo wako. Ukihisi midomo inawashwa au kushtuliwa unapoimba umeshika gitaa, acha palepale, zima vyombo, na soketi ipimwe kabla ya kuendelea.

Mngurumo wa aina hiyo mara nyingi unatokana na amplifaya kuchomekwa soketi moja na mikisa soketi nyingine ya mbali, huku vyote vikiwa vimeunganishwa tena na waya wa sauti. Vyombo vyote vya jukwaani na mikisa vichukue umeme mahali pamoja, kwa kebo nene ya kurefushia inayohimili mzigo huo. Kama kebo ni ya kwenye roli, ikunjue yote, kwa sababu ikiwa imeviringwa inapata joto hadi kuyeyuka. Taa za jukwaani zipewe soketi yao, hasa zenye kitufe cha kufifisha mwanga. Mngurumo ukibaki, tumia kisanduku cha DI, kinachounganisha chombo na mikisa, chenye swichi ya kutenganisha ethi. Hiyo inakata muungano kwenye waya wa sauti tu, ethi ya umeme inabaki salama.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Simama na gitaa ujizungushe taratibu. Mngurumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, soketi haina hatia: pikapu zako za koili moja (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zinanasa sumaku ya taa, friji au transfoma iliyo karibu. Hamia upande mwingine wa jukwaa.

Masikio yanalia hadi Jumapili jioni. Ni kawaida? – Mpiga drams

Inawapata wengi, lakini ni dalili ya kuumia. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu. Kwa desibeli 100, ambazo jukwaa dogo lenye drams linazifikia bila shida, unabaki na dakika 15. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza kama desibeli 15 kwa usawa. Pamba haifai: inaondoa mng'ao wa matoazi na kuuacha mshindo uingie. Mlio usipoisha baada ya siku mbili tatu, nenda kwa daktari wa masikio.

Mmoja wetu ndiye mwenye vyombo, mwingine ana gari. Kila baada ya onyesho ni ugomvi wa mgao. – Mpiga kinanda

Mnagombana kwa sababu mnahesabu fedha zikiwa tayari mezani. Pangeni kabla, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu ambao kila mmoja amejibu "sawa".

Kwanza ondoeni gharama halisi: mafuta ya gari na malipo ya mtu wa kuazima kama mmoja wenu hakuwepo. Huyo wa kuazima alipwe kiasi kilichokubaliwa, asiingizwe kwenye mgao. Kinachobaki, kwa bendi ya watu watano, kigawanywe mafungu 6, kila mtu moja na la sita la vyombo. Fungu hilo si zawadi ya mwenye vyombo, ni la matengenezo, na likinunua spika mpya muandike wazi kwamba ni mali ya bendi. Kama mwenye vyombo pia anatangulia kwa muda wa saa mbili kuvifunga na ndiye anayeshika mikisa, mpeni nusu fungu zaidi, mgawanye kwa 6.5. Tunaona hiyo ni haki. Asiyefunga waya hata mmoja atapinga, mwacheni apinge.

Kwa upande wa baa, azungumze mtu mmoja tu. Makubaliano yataje tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya awamu, kiasi, nani analeta spika, kianzio, na nini kitafuata umeme ukikatika au onyesho likifutwa siku hiyohiyo. Salio lilipwe usiku uleule kabla hamjapakia vyombo, maana gari likishajaa meneja huwa haonekani. Mkipewa asilimia ya mauzo, ombeni na kiwango cha chini cha uhakika, isipokuwa kama mnaweza kuona hesabu yenyewe.

Nyuzi mpya zinashuka kila baada ya wimbo, na uzi wa kwanza unakatika mara kwa mara. – Mpiga gitaa anayeanza

Zifunge siku moja kabla, si ukumbini. Vuta kila uzi taratibu usawa wa freti ya 12, tyuni upya, rudia mara tatu au nne mpaka usishuke tena. Uzi ukikwama na kutoa "ting" unapotyuni, paka unga wa ncha ya penseli kwenye mfereji wa nati, kile kipande chenye mikato ya nyuzi karibu na kichwa cha gitaa. Unaokatika palepale kila mara una makali yanayoukata, kwa kawaida kwenye tandiko la daraja, pale uzi unapolalia upande wa mwili wa gitaa. Yasugue kwa msasa laini sana. Gitaa likitoka kwenye gari lenye joto, liache nje ya mfuko dakika 20 kabla ya kulityuni.

Na mwambie mpiga besi wenu, kama besi lake lina betri, achomoe jeki wakati wa mapumziko. Katika magitaa mengi ya aina hiyo jeki ndiyo swichi, na likiachwa limechomekwa usiku kucha betri inakwisha. Dalili yake ni sauti kukwaruza na kufifia katikati ya wimbo, na watu huanza kulaumu spika.