Naitreti hasi kwenye MT3DMS: anza na adveksheni

Ndugu, umeuliza kwa nini modeli yako ya MT3DMS (programu ya kompyuta inayokokotoa jinsi uchafu unavyosafiri ndani ya maji ya chini ya ardhi) ya visima vya Manyatta, Kisumu, inatoa naitreti chini ya sifuri kando ya vyoo vya shimo, nawe umechagua uzani wa kati (wastani wa seli mbili jirani) kwenye adveksheni, yaani uchafu kubebwa na mwendo wa maji. Tatizo ni gridi, yaani vyumba (seli) ambavyo modeli imegawanywa. Seli zako ni mita 10 na mtawanyiko wa urefu (kipimo cha uchafu kusambaa kuelekea maji yanakokwenda) ni mita 1, kwa hiyo namba ya Peclet, yaani ukubwa wa seli ukigawanywa kwa mtawanyiko huo, ni 10. Uzani wa kati huanza kuyumba namba hiyo ikipita 2.

Usikimbilie uzani wa upande maji yanakotoka. Namba hasi zitaisha, lakini utaongeza mtawanyiko bandia wa karibu nusu ya seli, yaani mita 5, mara tano ya ule halisi. Uchafu utaonekana umefika kisimani mapema na umepungua makali, na hilo ni hatari kwa wanaochota maji pale.

Chagua TVD, mbinu ya kukokotoa adveksheni inayozuia kuyumba bila kuongeza mtawanyiko bandia mwingi (kwenye mipangilio, MIXELM = -1), kisha punguza seli ziwe mita 2 kati ya choo na kisima. TVD hushika namba ya Courant (idadi ya seli ambazo maji hupita katika hatua moja ya muda) isizidi 1: maji yakienda mita 0.2 kwa siku, hatua ya muda isipite siku 10. Itachukua muda, vumilia.

Zima sehemu ya ufyonzwaji kwenye modeli, kwa kuwa naitreti haishikwi sana na udongo. Mwisho, hakikisha kama maabara imekupa naitreti au nitrojeni yake. Tofauti ni mara 4.43.