Ugomvi mmoja wenye majina matatu

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza: "Wamarekani wanazozana miaka nenda, miaka rudi juu ya kodi, uhamiaji na uchaguzi. Mbona hawafiki mwisho?" Najua wengi watawajibu kwamba Republican na Democratic ni pacha, na kelele zote ni za runinga tu. Mimi nakataa. Vyama hivi vinatofautiana kweli, tena kwa mambo yanayomfikia mtu mpaka kwenye kapu lake la sokoni. Ila penye kelele sipo penye uamuzi. Na kodi, uhamiaji na uchaguzi si ugomvi wa aina tatu. Ni mmoja.

Mimi huwajazia watu fomu za kodi, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, Texas. Wateja wangu wengi ni Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi: watunza wazee, madereva wa malori, wapakiaji wa maghala. Kuanzia mwisho wa Januari mpaka tarehe 15 Aprili wanakuja na fomu zao za W-2, zile za mshahara wa mwaka, ndani ya bahasha, na kila mmoja ana neno alilolisikia mahali. Msimu huu neno lenyewe ni moja: ovataimu haikatwi kodi tena.

Nachukua kalamu. Unalipwa dola 20 kwa saa, ovataimu unalipwa 30. Sheria mpya inakuruhusu kuondoa kwenye hesabu zile dola 10 za nyongeza, siyo 30 zote. Tena kuna kikomo cha dola 12,500 kwa mwaka kwa mtu anayejaza peke yake, na ruhusa yenyewe inakoma mwisho wa 2028. Makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 7.65 ya mshahara, yako palepale. Dada mmoja anayetunza wazee zamu ya usiku alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo Trump alitudanganya?" Nikamwambia hapana, alikusomea kichwa cha habari, habari yenyewe ndiyo hii.

Ahadi za namna hii hutoka wapi? Chukua ile ya bakshishi. Juni 2024 Donald Trump alisimama Las Vegas akaahidi kwamba bakshishi hazitatozwa kodi ya mapato. Agosti ya mwaka huohuo Kamala Harris naye akaja Las Vegas akaahidi lilelile. Wagombea wawili wanaoitana hatari kwa taifa, mji mmoja, ahadi moja. Las Vegas iko Nevada, jimbo ambalo halina mwenyewe kisiasa, lina kura 6 za wajumbe kati ya 538 zinazomchagua rais, na watu wengi huko wanaishi kwa kuhudumu mahotelini na kwenye kasino. Mpishi wa Alabama, jimbo ambalo matokeo yake yanajulikana kabla ya kampeni kuanza, haahidiwi kitu na mtu yeyote. Hapo ndipo mfumo wa uchaguzi unapoandika sheria ya kodi, na hakuna anayeupigia kelele.

Sasa tuifungue sheria yenyewe. Ilisainiwa tarehe 4 Julai 2025, baada ya kupita Seneti kwa kura 51 kwa 50, ile ya mwisho ikiwa ya Makamu wa Rais J.D. Vance. Magazeti yaliiita sheria ya kodi, na kweli kazi yake kubwa ilikuwa kuendeleza punguzo la kodi la 2017 ambalo sehemu yake kubwa ingekufa mwisho wa 2025. Lakini humohumo ndani mna dola bilioni 46.5 za ukuta wa mpakani, na bilioni 45 za kujenga na kuendesha mahabusu za wahamiaji. Humohumo mna kifungu kinachowaondoa wakimbizi kwenye msaada wa chakula uitwao SNAP mpaka wapate green card, kibali cha ukaazi wa kudumu. Hapo siwazungumzii waliovuka mto usiku. Nawazungumzia Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka, wakahojiwa, wakapimwa, wakaletwa na serikali ya Marekani yenyewe kwa ndege, wakapokelewa uwanjani na watu wenye mabango. Mama wa namna hiyo kaja kwangu na barua ya kukatiwa msaada, akidhani amekosea kujaza kitu. Hakukosea popote. Yeye amekuwa mstari kwenye hesabu ya kufidia punguzo la kodi.

Kuna kifungu kingine ambacho runinga haikukigusa kabisa. Mzazi mwenye mtoto hupunguziwa kodi, na kiwango kimepandishwa kutoka dola 2,000 hadi 2,200 kwa kila mtoto. Zamani ilitosha mtoto awe na namba ya Social Security, ile wanayopewa raia na wenye ruhusa ya kufanya kazi. Sasa na mzazi lazima awe nayo, angalau mmoja wao. Nina mteja, baba wa watoto wawili waliozaliwa hapahapa Houston, raia wa Marekani kama alivyo raia Bill Gates. Yeye na mkewe hawana namba hiyo. Wanalipa kodi kwa ITIN, namba ambayo mamlaka ya kodi, IRS, ilianza kuitoa mwaka 1996 kwa watu kama wao ili wasiwe na kisingizio cha kutolipa. Mwaka jana watoto wale walimpunguzia dola 4,000. Mwaka huu punguzo hilo hawalipati.

Niwatendee haki Warepublican: wana hoja. Wanasema fedha ya umma iende kwa mtu aliyeruhusiwa kuwapo na kufanya kazi nchini, na mpiga kura wa kawaida haoni ubaya katika hilo. Wademocrat wanajibu kwamba mtoto ndiye raia, na hakuchagua wazazi. Hoja zote mbili zinastahili kusikilizwa bungeni mchana kweupe. Hazikusikilizwa. Katika miezi ile watu walikuwa wakibishana kama bajeti ya ukuta inatosha.

Anayesema wahamiaji wasio na makaratasi hawalipi kodi, aje akae nami siku moja. Taasisi ya ITEP ya Washington ilikadiria kwamba mwaka 2022 walilipa dola bilioni 96.7 kwa serikali kuu, majimbo na miji. Sehemu ya fedha hizo huingia kwenye mfuko wa Social Security, ambao wengi wao hawatauchota kamwe. Aprili 2025 IRS ilikubali kuipa idara ya uhamiaji, ICE, taarifa za walipa kodi inaowatafuta, na kaimu mkuu wa IRS akajiuzulu. Tangu hapo nina viti vinavyokaa wazi Machi. Watu walioambiwa miaka mingi kwamba wakilipa kodi itawasaidia siku wakisimama mbele ya jaji, leo wanaogopa kwamba anwani waliyoiandika kwa uaminifu ndiyo itakayowaleta maafisa mlangoni. Serikali inayolalamika haina fedha inajifukuzia walipa kodi wake.

Nimefika kwenye uchaguzi, na hapa Houston tuna kisa cha kusimulia. Mbunge wetu wa wilaya ya 18, Sylvester Turner wa Democratic, aliyewahi kuwa meya wa jiji hili, alifariki Machi 2025. Gavana Greg Abbott, Mrepublican, akapanga uchaguzi wa kujaza nafasi hiyo Novemba, akisema kaunti yetu ya Harris ina historia ya kuvuruga uchaguzi na inahitaji muda wa kujiandaa. Wapinzani wake wakasema anakilinda chama chake bungeni kwa kuacha kiti wazi. Mimi naona zote mbili zinaweza kuwa kweli. Tarehe 22 Mei 2025 Baraza la Wawakilishi likaipigia kura ile sheria ninayoieleza tangu mwanzo, ikapita kwa 215 dhidi ya 214. Kura moja! Na kiti chetu kitupu. Sisemi Turner angeiangusha, maana wapo Warepublican ambao hawakupiga kura siku ile na wangeweza kuitwa. Nasema watu wa wilaya ile walilipa kodi mwaka mzima, na siku kodi yao ilipoamuliwa hawakuwa na mtu wa kusema ndiyo wala hapana. Uchaguzi ule haukumpata mshindi Novemba, ukarudiwa 31 Januari 2026.

Wakati huohuo bunge la Texas lilikuwa linachora upya ramani ya wilaya za uchaguzi, katikati ya muongo ingawa kawaida huchorwa kila miaka kumi, kwa shabaha ambayo Warepublican hawakuificha: kujiongezea viti vitano Washington. Agosti 2025 wabunge wa Democratic walikimbilia Illinois na kwingineko ili akidi isitimie. Walirudi, ramani ikapita. California ikajibu mapigo, na Novemba wapiga kura wake wakaidhinisha ramani ya kuwaongezea viti Wademocrat. Basi mtu wa wilaya ya 18 alimaliza marudio ya Januari kwa ramani ya zamani, na tarehe 3 Machi akaingia kwenye kura ya uteuzi wa vyama kwa ramani mpya. Nimewaeleza wateja walioapa uraia juzijuzi mambo haya na baadhi yao wamecheka, kwa sababu huko walikotoka walikuwa wakisikia kwamba Marekani ndiyo inayotuma waangalizi.

Na kelele ziko wapi? Ziko kwa "wageni wanaopiga kura." Asiye raia amekatazwa na sheria kupiga kura ya rais au ya bunge la Washington. Mwaka 2024 jimbo la Georgia, chini ya Warepublican, lilikagua daftari lake la wapiga kura milioni 8.2, likakuta wasio raia 20. Kansas nayo ilianza mwaka 2013 kudai hati ya uraia kwa kila anayejisajili, na kabla mahakama haijaitupa sheria hiyo ilikuwa imewazuia kujisajili watu wapatao 31,000 waliokuwa na haki yao. Pamoja na hayo, Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuidai hati hiyo nchi nzima. Mwenye green card akijisajili kupiga kura, hata kwa kutia alama kwenye kisanduku asichokielewa ofisi ya leseni za udereva, anaweza kufukuzwa nchini. Hakuna Mkongo ninayemjua atakayeiweka rehani miaka yake ya kambini kwa ajili ya kura moja ya diwani.

Msidhani nawasafisha Wademocrat. Barack Obama aliahidi kushughulikia uhamiaji mwaka wake wa kwanza, akiwa na mabunge yote mawili mkononi, na hakufanya. Wakati wa Joe Biden, Desemba 2023, askari wa mpakani walikamata watu karibu 250,000 kwa mwezi mmoja, na viongozi wa chama chake waliendelea kusema mambo si mabaya hivyo. Na tangu 2022 mabasi ya Abbott yalikuwa yakiwashusha wahamiaji New York na Chicago, na mameya wao wenyewe wakipiga yowe. Starr, kaunti ya mpakani hapa Texas ambako karibu kila mtu ana asili ya Mexico, ilimpa kura Trump mwaka 2024. Haikuwa imempa Mrepublican wa urais tangu 1892. Watu wale hawakudanganywa na mtu. Wanaishi pale.

Kwa nini basi hawamalizi? Wanaweza, wakitaka. Mwaka 1986, Ronald Reagan akiwa rais, Seneti ilipitisha mageuzi ya kodi kwa kura 97 kwa 3, na mwaka huohuo ikapita sheria iliyowapa makaratasi watu wapatao milioni 2.7. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha muswada mkubwa wa uhamiaji kwa kura 68 kwa 32, vyama vyote vikiwamo. Spika wa Baraza la Wawakilishi, John Boehner wa Republican, hakuuleta hata mezani. Februari 2024 seneta James Lankford wa Oklahoma, Mrepublican wa msimamo mkali tu, alileta muswada wa kubana mpaka aliouandika pamoja na wapinzani. Trump akawataka wenzake waukatae, ukaanguka, naye akaenda kwenye kampeni akiwa na mpaka mbovu wa kuhutubia. Wilaya zikishachorwa mbunge asihofie tena chama kingine, anayebaki wa kuogopwa ni mwenzake wa chamani atakayemwita msaliti kwenye uteuzi. Kwa mtu wa namna hiyo, muswada wa maelewano ni hatari kuliko tatizo lenyewe.

Mmeuliza pia kama haya yanawahusu wasomaji wa huko nyumbani. Yanawahusu. Ile ile sheria ya Julai 2025 imeweka kodi juu ya fedha zinazotumwa nje. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 5, likashuka hadi 3.5, na baada ya benki kulalamika na Rais Claudia Sheinbaum wa Mexico kupinga hadharani, Seneti ikaishusha hadi asilimia 1. Inakatwa tangu 1 Januari 2026, lakini kwa anayelipa taslimu au kwa hundi za kununua dukani. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa hapa, haimgusi. Maana yake inamwangukia yule asiye na akaunti, ambaye mara nyingi ndiye yule asiye na makaratasi, ambaye ndiye asiye na kura. Kwa hiyo shemeji yako wa Dallas akikuambia mwaka huu ameacha kupeleka pesa mkononi pale dukani, anatuma kwa kadi, usimtanie kwamba amekuwa wa kisasa. Na yule asiyeweza kuacha, akikutumia 198 badala ya 200, usimuulize dola mbili zimekwenda wapi.

Msomaji wenu,
Houston, Texas