Muulize Bwana Mifugo: Nimemsomesha, kumbe kaenda kuangalia ng'ombe Uingereza tena bure!

Wiki hii simu imejaa maswali ya kuku kuvimba macho, hayo subirini toleo lijalo, leo naanza na mama mmoja wa Mbagala manake ujumbe wake ulinichekesha kwanza, afu nikaona kumbe kuna la kusema hapa.

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mi mama wa watoto wanne, naishi Charambe. Binti yangu wa pili yuko Uingereza anasoma. Juzi kanipigia vidio, namuona kavaa gambuti na koti la mvua, nyuma yake ng'ombe wana manywele mpaka yameziba macho, na vifarasi vifupi vimejikunyata. Namuuliza, we umehamia shamba? Ananiambia hapana mama, kila Jumamosi naenda kwenye hifadhi kuangalia ng'ombe na poni, tunajitolea. Wanakulipa? Hawalipi. Sasa baba yake ni mtu wa Magu, kakulia kuchunga, kanuna siku mbili hasemi na mtu, anasema niliuza ng'ombe ili mtoto asije kuchunga, kumbe kaenda kuwachungia Wazungu tena bila hata nauli. Nieleweshe, hii kazi ni ya kweli? Na mbona huku ng'ombe akiingia hifadhini anakamatwa, kule wanamuweka wenyewe? Naogopa asije akapigwa pembe. — Mama wa Charambe

JIBU: Marahaba mama, japo kwa watoto wanne nahisi mi ndo nilitakiwa kukuamkia.

Kazi ni ya kweli kabisa na mzee mwambie anune kidogo tu, manake binti hachungi. Anayechunga anaswaga, anachagua leo tunalisha wapi, jioni anarudisha zizini anahesabu. Kule hakuna kuswaga wala kurudisha, wanyama wanalala hukohuko kwenye malisho, mvua yao baridi yao, na kila siku anapita mtu mmoja kuwatazama kama wapo na kama wazima. Hifadhi zao nyingi ni vipande vidogo vimetawanyika, hapa eka kadhaa, kule ng'ambo ya barabara kipande kingine, bwana hifadhi mmoja hawezi kufika kote kila siku ndo wakagawana na wananchi, we Jumamosi, yule mstaafu Jumanne, yule mwalimu Alhamisi jioni. Na sio hiari ya mwenye mnyama kuamua leo tusiende, kule kuna sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, ukimiliki mnyama akateseka sababu hukumuangalia unapelekwa mahakamani. Mji wa Brighton ule wa pwani, halmashauri yenyewe ina wananchi wa kujitolea wanaoangalia kondoo kwenye vilima vya chokaa, wala sio mambo ya kificho.

Hilo la kwa nini wanamuweka hifadhini wenyewe, hapa ndo mzee atatulia. Uingereza ukiacha ardhi bila mlaji haibaki uwanda, miaka kadhaa tu vichaka, afu miti, afu msitu. Sasa kuna maua na vipepeo na ndege wanaotaka majani mafupi yenye jua, kwa mfano kwenye vile vilima vya chokaa kuna vipepeo vya bluu ambavyo viwavi vyake vinakula mmea mmoja mdogo unaotambaa chini, vichaka vikiufunika kipepeo kwishnei. Zamani za kale walikuwepo ng'ombe pori na farasi pori wakifanya kazi hiyo, wakaisha, ng'ombe pori wa mwisho kabisa alikufa Poland mwaka 1627. Kwahiyo wanaazima wa kufugwa. Mama, yule ng'ombe wa manywele hayupo pale kwa ajili ya nyama kwanza wala maziwa, ni fyekeo. Sisi huku hatuna shida hiyo kwa namna hiyo, Serengeti ina nyumbu na pundamilia wake, hawahitaji kuongezewa, na ndani ya hifadhi za taifa mifugo hairuhusiwi. Ngorongoro ndo ilianzishwa mwaka 1959 kwa mpango tofauti, watu na mifugo na wanyamapori eneo moja, na mvutano wake mnaujua, siuingii leo.

Hao wenye manywele machoni watakuwa Highland, kwao Uskoti, wavumilivu sana wa baridi na majani magumu. Vifarasi sijui maana hukusema rangi. Kama ni kahawia na pua kama imechovywa kwenye unga basi ni Exmoor, kama ni kijivujivu ni Konik, asili yake Poland.

Sasa anafanya nini. Mwambie mzee amuulize mtoto maswali haya kwenye simu, atashangaa wanaelewana. Kwanza idadi. Inaonekana rahisi ila mzee anajua, ng'ombe kumi na nane ndani ya vichaka wanakuwa kumi na sita, ukirudia ishirini. Ukikosa mmoja huondoki, mtafute, manake aliyekosekana ndo mwenye shida, kanasa kwenye tope, au kajificha anazaa. Kila ng'ombe ana hereni masikioni zenye namba, kama hizi zetu zilizoleta kelele, kwahiyo unajua ni nani hayupo, sio kwamba "mmoja hayupo".

Afu unakaa kimya unatazama kwa mbali, usiwasogelee haraka, manake mnyama akikuona anajikaza anaficha ugonjwa, hii hata mbuzi wa Mbagala anafanya. Nani kajitenga peke yake? Waamke watembee, nani anachechemea, nani kanyanyuka mwisho? Jicho linatoa machozi, kope limefungwa? Kuna ugonjwa wa macho unaletwa na nzi wakati wa kiangazi chao, ng'ombe anaweza kupofuka kama hukuuona mapema. Mavi yakoje, ya uji au ya kawaida? Mkojo una rangi ya kahawa? Hao kupe wa Uingereza nao wana lao, wanaleta ugonjwa wa mkojo mwekundu, binti mwenyewe ajikague miguu akirudi manake kupe haohao wanaleta homa mbaya kwa watu. Afu maji, hori limejaa, limeganda barafu? Uzio, geti, kuna mtu kaacha wazi? Mfuko wa plastiki uliotupwa na watu wa pikiniki? Anaandika, anatuma, anaenda zake kunywa chai.

Akiona shida hamtibu. Hashiki sindano hashiki kamba, anapiga simu kwa bwana hifadhi, yule ndo anaita daktari. Nasema hivi sababu damu ya Magu hiyo, akiona ng'ombe kavimba tumbo anaweza kutaka kuanza kusukuma.

Na kuna jambo moja litamchanganya. Poni wa kule kipindi cha baridi wanapungua, na wanatakiwa wapungue. Akiona theluji imekaa juu ya mgongo wa poni haiyeyuki asilie, ni dalili nzuri, manake manywele yake ya tabaka mbili yanazuia joto la mwili lisitoke, ingekuwa inayeyuka ndo baridi inamuingia. Hatari ya poni ni kunenepa. Majani ya masika yao yana sukari nyingi, poni mnene anavimba ndani ya kwato, anasimama kaegemea nyuma kama mtu anayekanyaga makaa, anaweza kufa nayo. Mtu wa kwetu tumezoea mnyama mnene ni sifa, hapo ajifunze upya. Na vuli zile mbegu za mwaloni zikidondoka nyingi ni sumu kwa poni, pia kuna ua moja la njano linaitwa ragwort linaharibu ini la farasi polepole, na likikauka ndani ya nyasi ndo baya zaidi kwa sababu uchungu wake unaisha mnyama hastuki.

Pembe sasa. Hatari ipo ila ni ndogo akifuata wanavyofundishwa: asipite katikati ya mama na ndama, asiende na mbwa, awe na sehemu ya kutokea kabla hajaingia. Wanaoumizwa kule mara nyingi ni wapita njia wenye mbwa, ng'ombe mwenye ndama anamkimbilia mbwa, mtu anamng'ang'ania mbwa wake badala ya kumuachia. Na poni asimpe karoti wala kumpapasa hata akija mwenyewe kunusa mfuko, poni akizoea kulishwa anakuwa ombaomba wa barabarani, anang'ata watoto, mwisho anagongwa na gari.

Mama ngoja nikupe na langu. Mwaka wa kwanza wa kazi niliwekwa kwenye shamba moja la maziwa huku pembezoni mwa jiji, nikaambiwa nipite asubuhi niangalie. Nikapita, nikahesabu, wote wapo, mmoja kazaa usiku, kalala katulia kageuza shingo kaelekeza kichwa ubavuni, nikasema huyu anamuangalia ndama wake, nikaandika WAZIMA. Saa nne mzee mchungaji, hajui hata kusoma nilichoandika, ananifuata ananiuliza dokta, yule anayeangalia ubavu wake umemuona? Nikamwambia nimemuona. Akasema masikio yake ya baridi. Mama, ile ilikuwa homa ya maziwa, madini ya chokaa yameisha kwenye damu baada ya kuzaa, ingefika mchana tungekuwa tunachuna ngozi. Tulimuingizia dripu ya kalsiamu taratibu, baada ya muda akanyanyuka akajisaidia akaanza kutafuta maji kama hakuna kitu, mi nimesimama pembeni na daftari langu limeandikwa WAZIMA. Mzee wako wa Magu ni kama yule mchungaji. Ampigie mtoto amfundishe masikio ya baridi, amfundishe pua kavu, ng'ombe asiyecheua. Wazungu wana fomu nzuri ila hayo ya mzee hayamo yote kwenye fomu.

SWALI: Bwana Mifugo habari. Nimeona klipu ya hifadhi Ulaya wana ng'ombe na farasi pamoja. Kwani ng'ombe peke yake hawatoshi? Na mbona huku Bongo farasi hatuna zaidi ya wale wa polisi na wa kupiga picha beach? — Mdau, Kimara Temboni

JIBU: Mdau, mtazame ng'ombe mdomo, mbele juu hana meno. Anazungusha ulimi kwenye majani anavuta, kwahiyo anaacha mashungi mashungi, huku refu huku fupi, wadudu wanapata pa kujificha. Farasi ana meno juu na chini, anakata chini kabisa kama mashine ya kinyozi. Afu tumbo, ng'ombe anacheua anataka majani yenye nguvu kidogo, farasi hacheui, chakula kinapita haraka, kwahiyo anaweza kushindilia majani makavu magumu mengi sana akapona, na poni hata vichaka vya miiba anatafuna. Farasi pia ana choo chake, anajisaidia sehemu moja na hapo hali, hapo majani yanakuwa marefu yenyewe. Ukiwachanganya unapata uwanda wenye kila kitu.

We hii unaijua ila hujaiunganisha. Serengeti pundamilia wanatangulia wanakula mabua marefu magumu, nyumbu wanafuata kwenye yaliyobaki, afu swala tomi wanamalizia vichipukizi vya chini. Pundamilia ndo poni, nyumbu ndo ng'ombe.

Farasi huku aliuliwa na ndorobo. Nagana, ugonjwa anaoueneza ndorobo akiuma, inamuua farasi haraka kuliko ng'ombe wetu wa asili, ndo maana ile misafara ya kutoka Tabora mpaka Bagamoyo mzigo ulikuja juu ya vichwa vya wapagazi, sio kwamba farasi hawakujulikana. Mjini ndorobo hakuna ndo unawaona hao wachache.

SWALI: Oya dokta, sisi vijana kama kumi na tano tunafanya haikingi Pugu kila mwisho wa mwezi, tumeona ng'ombe mle msituni mara mbili. Hatuwezi kuanzisha kikundi cha kuwaangalia kama wanavyofanya wenzetu nje? — Kijana wa Goba

JIBU: Hapana mdogo wangu, hapo umechanganya. Wale wa nje wamewekwa kwa mpango, idadi inajulikana, wanatolewa kipindi fulani wanarudishwa. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na ni msitu wa asili wa pwani, una miti ambayo haijawahi kumhitaji ng'ombe, akiingia anakanyaga miche tu. Mkiwaona waambieni maafisa wa TFS pale getini, msiwaswage wenyewe, mwenye ng'ombe akiwakuta mnamswagia mtaelezana vizuri.

Ila kama hamu ni ya kweli, kuna sehemu mbili. Moja nendeni mnada wa Pugu asubuhi mapema, msinunue kitu, simameni karibu na wale madalali wazee muwasikilize wanavyomkataa ng'ombe kabla hajashuka vizuri kwenye lori, mmoja atakwambia huyu ana mapafu we umeona ng'ombe tu. Pili, Goba na Madale imejaa watu wana ng'ombe wa ndani wawili watatu, wakisafiri wanamuachia kijana wa duka. Mwambieni jirani mtampitia asubuhi na jioni. Mkifika tazameni ubavu wa kushoto, juu kabisa karibu na nyonga, pale pana kishimo. Kishimo kikiwa kimejaa kimebenuka kama ngoma na mnyama anahema kwa shida, msisubiri jirani arudi, pigeni simu kwa afisa mifugo wa kata muda huohuo. Namba yake muichukue kabla jirani hajapanda basi.