Madawati manne na nusu

Swali lenu la wiki, "Mbio na kuogelea kwa hisani: kwa nini watu wasitoe fedha tu wakakaa nyumbani?", limenigusa pabaya. Shangazi yangu aliniuliza hilohilo mwaka jana, kijiti chake cha kuchokolea pweza kikiwa mkononi.

Niseme mapema kwamba nakubaliana naye. Nilitaka kuogelea kilomita 2 katika ghuba ya Mikindani kuchangia madawati ya shule ya mtaani kwetu. Bwawa la hoteli huku Shangani, Mtwara, kiingilio 10,000, mara tatu kwa wiki, wiki 12: jumla 360,000. Fundi alitaka 80,000 kwa dawati moja. Yaani madawati manne na nusu yameishia kwenye klorini.

Mtasema bahari ipo bure. Ipo, lakini sisi wanawake wa huku tunaiingia kwa miguu. Maji yakipwa tunafuata pweza na chaza mwambani, yakianza kujaa tunarudi. Kuogelea ni mambo ya kaka zetu. Mimi bwawani nilijifunza kama mgeni kutoka bara, nimevaa suruali, fulana ya mikono mirefu na kilemba.

Bwawa lenyewe lina mita 20, kwa hiyo kilomita 2 ni kwenda na kurudi mara 50, na mimi nikifika ya tisa hesabu inapotea. Nikamwazima babu jirani, anayecheza bao chini ya mwembe, kete 50 za komwe kati ya 64 za bao lake. Alizihesabu moja moja, akasema zirudi kabla ya alasiri, wenzake wanakuja. Nikazipanga ukingoni; kila nikirudi nasogeza moja. Wiki ya saba, nikiwa kwenye ya 31, mtoto wa mgeni mmoja wa hoteli akaziona, akazisukumia zote majini.

Komwe haizami. Zilitawanyika zikielea, nyingi upande wa kina, ambako siku zote nilikuwa nikiambaa ukingo, mkono tayari kushika. Siku hiyo niliwaza alasiri ya babu tu. Nilizifukuzia huku na huku nikizitia kifuani mwa fulana, mhudumu akinisaidia na wavu wake wa kuokotea majani, akihesabu kwa sauti kama yuko mnadani. Tukafika 49. Nilipopanda kukaa ndipo nikagundua: karibu nusu saa nilikuwa katikati ya kina, na ukingo sikuugusa.

Babu hakujali ushujaa wangu. "Bao halichezwi kwa kete 63, mwanangu." Kesho yake nikarudi kuitafuta, ikapatikana kwenye mdomo wa kichujio. Kiingilio nilitozwa kama kawaida.

Baharini kwenyewe hakuna kisa. Ilikuwa Novemba, kusi limekwisha na fedha za minada ya korosho zimeanza kuingia mifukoni. Tulichagua maji mafu, maana wakati wa bamvua mkondo ungenipeleka unakotaka wenyewe. Mitumbwi miwili ilinifuata, nikamaliza kwa saa moja na nusu. Maji ya chumvi yanabeba kuliko ya bwawa. Yalipatikana madawati 23, na ahadi nyingine mpaka leo nazidai.

Sasa, mwenye fedha zake atoe, akae nyumbani, sina ugomvi naye. Mimi sikuwa nazo. Na waliochanga wasingetoa kwa kuombwa tu. Jirani mmoja alisema waziwazi kwamba analipia kuona kama nitazama. Tena ile 360,000 ilitoka mfukoni mwangu. Ningeikata kwenye michango, ningekuwa upande wa shangazi moja kwa moja.

Yeye bado anasema ni upuuzi, ingawa juzi aliniuliza kama bwawani kuna saa ya wanawake peke yao. Hakuna, ila mhudumu nimeshamwambia.

Kwa hiyo ningelipa tena, lakini si yote. Wiki nne za mwisho ningehamia baharini, kaka zangu wakinisindikiza na mtumbwi. Dawati moja na nusu lingeokoka.