Kocha Ukiwa Ndani ya Uwanja, Nani Atakutoa?

Kijana mmoja wa Duga kanipigia wiki iliyopita: "Mgosi, timu wamenikabidhi, na bado nacheza. Nifanyeje?" Salio lilimwishia kabla sijafika pazuri.

Mimi nimekuwa kocha, meneja na kiungo mkabaji, namba sita, wa timu ya mchangani hapa Makorora, Tanga, kwa misimu minne. Huo umeneja usikudanganye. Ni kupeleka jezi zikafuliwe, kukusanya hela ya mwamuzi na kumbembeleza golikipa aliyepangiwa shifti ya jioni. Wazee wa Ngamiani watakusimulia ubingwa wa ligi wa timu yetu ya Tanga, Coastal Union, wa 1988 mpaka chai ipoe, ila nani alikuwa akibeba maji, hapo watakuna kichwa.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa: tafuta mtu wa kukutoa uwanjani.

Tulikuwa nusu fainali, tunagombea mbuzi. Mimi nina miaka 38, goti la kulia nimelifunga bandeji. Mapumziko tunaongoza moja bila. Kipindi cha pili winga wao akanipita mara moja, mara mbili, mara ya tatu nanyoosha mguu mpira ushapita zamani. Pembeni yupo dogo anayecheza namba yangu. Ameshavua suruali ya mazoezi, soksi kazipandisha, anarukaruka huku ananitazama. Nami nikawa nageukia golini kwetu, najifanya napanga mabeki.

Ukiwa ndani unaona kila mtu kachoka isipokuwa wewe. Wakasawazisha kwa kupita upande wangu, wakaongeza la pili. Nikafanya mabadiliko: nikamtoa winga wetu. Winga! Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye keria ya baiskeli yake akasema kwa sauti ili nisikie, "Kocha kamtoa mwenzie, yeye kajisahau." Watu wakaangua kicheko. Dogo akavaa suruali yake, akakaa. Msimu uliofuata akahamia Mikanjuni, wala sikuwa na la kumwambia.

Tangu hapo benchi nimemwachia beki wetu wa zamani, siku hizi anauza duka. Tulikubaliana kabla ya ligi, mbele ya wachezaji wote: akinyanyua kizibao chekundu natoka, hakuna mjadala. Mara ya kwanza alikinyanyua kipindi cha pili hata hakijakolea. Nikajifanya sijaona. Akasogea mpaka kwenye mstari, akaniita kwa jina ambalo mama yangu hulitumia akikasirika. Nilitoka mbio.

Mtu huyo asiwe rafiki wa kukuonea haya, na asiwe anayeitaka namba yako. Mpe karatasi na kalamu. Siku Coastal wakicheza uwanja wa Mkwakwani, nendeni pamoja mkakae mkabala na mabenchi. Mpira uacheni, mtazameni kocha anafanya nini timu yake ikipoteza mpira.

Hela nayo iandike kwenye daftari, uisome kwa sauti kila Jumapili, hata kama ni ya maji tu. Kwangu minong'ono iliisha siku niliyoanza kusoma. Na akija mtu kuomba mchango wa "kamati ya ufundi", unaijua ipi, ile ya waganga, mwambie tumeshanunua koni.

Kozi usiisubiri mpaka ustaafu. Leseni D ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ndiyo mlango wa kuingilia, halafu zinafuata C, B na A. Ulizia chama cha soka cha mkoa lini kozi itatangazwa, na hela yake anza kuiweka sasa. Mimi nilijiambia nitakwenda goti likipona. Goti halijapona.

Kuhusu kuwakemea wachezaji, neno moja tu: ukiwa na jezi mgongoni huna haki ya kumfokea mtu aliyepoteza mpira, maana dakika inayofuata utaupoteza wewe. Ngoja mapumziko.

Njumu zangu bado nazibeba kwenye mfuko wa jezi. Jumamosi iliyopita tulifika uwanjani na wachezaji kumi tu, nikaanza kuzilegeza kamba. Yule beki akaja, akauchukua mfuko na njumu zangu, akauweka kwenye benchi, akaukalia. Tukacheza kumi.